Farasi wa safari ndefu: Mwarabu, Thoroughbred, Quarter Horse au farasi wa Iceland?

Mpanda_Polepole (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimepanda farasi wa watu vya kutosha, sasa natafuta wangu. Mbio sina mpango nazo, kuruka viunzi ndiyo kabisa. Ninachotaka ni mnyama wa kwenda naye kutwa nzima, mlima na bonde, na jioni awe bado ana nguvu za kusumbua wenzake zizini.

Shida ni kwamba kila ninayemuuliza anasifia mbegu anayofuga mwenyewe. Kwenye karatasi nimebakiza nne: Mwarabu, Thoroughbred, Quarter Horse na farasi wa Iceland. Naomba tuwalinganishe kwa asili, umbile, tabia na maradhi ya kurithi. Urembo tuuache, maana kwa urembo wote wananimaliza. Na msinionee haya: nina kilo 90, bila tandiko.

Nasaba_Safi

Mkuu, kwa safari ndefu ni Mwarabu, hakuna mjadala. Kule California kuna mashindano ya Tevis Cup, yalianza 1955: maili 100, yaani kilomita 160, kukata milima ya Sierra Nevada ndani ya saa 24. Pitia washindi wake, utakuta Waarabu na machotara wao wamejaa.

Sababu ni walikotoka. Mabedui wa Rasi ya Uarabuni waliwafuga mahali penye malisho haba na maji ya kugawana, na vita vyao vilikuwa vya kuvamia ghafla na kutoroka. Farasi akikata pumzi njiani, bwana wake amekwisha. Vitani walipenda kupanda majike, kwa kuwa dume akinusa farasi wa adui hulia na kuharibu mpango mzima. Nasaba nayo waliihesabu kwa upande wa mama. Jike mwenye thamani aliweza kulala hemani pamoja na watoto wa nyumba, na hapo farasi mkorofi hakuwa na nafasi ya kuendeleza ukoo.

Umbile lake linajulikana kwa mbali: uso uliobonyea kidogo chini ya macho, pua pana, mkia juu. Baadhi yao wana jozi 17 za mbavu badala ya 18, na pingili tano za kiuno badala ya sita, ndiyo maana mgongo unaonekana mfupi. Ngozi nyembamba inatoa joto upesi, na misuli yake imejaa nyuzi za kazi ya muda mrefu.

Mzee_Hatamu

Nasaba, kijana wangu, umeziruka kilo 90. Mwarabu wa wastani ana kilo 400 hivi. Kanuni wanayoifuata wengi inasema mpanda na tandiko lake wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Hiyo ni kilo 80. Bwana huyu amepitiliza hata kabla hajakaza mshipi.

Tena huo ukaribu na binadamu una upande wake wa pili. Mwarabu anamsikiliza mpanda mno. Ukiingiwa na hofu, naye ameshaingiwa; karatasi ikipeperuka kichakani, mmoja wenu ataiona kwanza na si wewe. Mikononi mwa mtu mzoefu hiyo ni neema. Kwa mtu anayenunua farasi wake wa kwanza, mimi nasema Quarter Horse.

Huyu alianzia makoloni ya Kiingereza ya Marekani, hasa Virginia. Watu walishindana kwenye njia fupi ya robo maili, mita 402, kwa kuwa viwanja virefu havikuwapo. Wakachanganya farasi wa Kiingereza na wale wenye damu ya Kihispania waliokuwa kwa Wahindi Wekundu wa Chickasaw. Baadaye wachunga ng'ombe wa magharibi wakamchukua wakamfanya mwenzao wa kazi. Chama chake kiliundwa Texas mwaka 1940.

Kilichobaki mwilini ni hiki: kifua kipana, makalio yaliyojaa, miguu mifupi kiasi, kilo 430 hadi 540. Kwa robo maili anamwacha hata Thoroughbred. Baadhi wamepimwa wakikaribia kilomita 88 kwa saa. Lakini kwa wewe Mpanda, la maana ni kwamba karne ya kazi ya ng'ombe ilichuja vichwa. Farasi wa mchunga ng'ombe anasimama ametulia saa nzima, kisha ndama akichomoka anafyatuka bila kuambiwa, na kazi ikiisha anatulia tena. Utulivu wa namna hiyo ukiwa porini peke yako ni dhahabu.

Shoti

Mzee, robo maili sawa. Maili nzima je? 😄

Thoroughbred ametengenezwa kwa saa ya mkononi. Uingereza, mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa ya 18, waliingiza madume watatu kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian aliyeletwa kutoka Aleppo 1704, na Godolphin Arabian. Wakawapandisha kwa majike ya Kiingereza, daftari la nasaba likaanza kutoka 1791, na baadaye mlango ukafungwa. Karibu asilimia 95 ya madume wa leo, ukifuata baba kwa baba, unamfikia Darley Arabian, kwa sehemu kubwa kupitia Eclipse aliyezaliwa 1764 na hakuwahi kushindwa. Na hadi leo hawaruhusu mbegu ya chupa: dume na jike lazima wakutane wenyewe, la sivyo mtoto haandikwi.

Matokeo yake ni kama Secretariat mwaka 1973: maili moja na nusu za mbio za Belmont, Marekani, kwa dakika 2 na sekunde 24, akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Rekodi hiyo haijavunjwa.

Ila kwa ulichoomba, Mpanda, nakwambia ukweli ingawa ndio ninaowapenda: siyo huyu. Kwato zake mara nyingi zina ukuta mwembamba na soli nyembamba, kwenye mawe ataumia. Anakula sana kubaki na mwili. Na wengi wanaouzwa wametoka viwanjani. Wanajua kwenda mbio na kusubiri kwenda mbio.

Kwato_Ngumu

Nashukuru Shoti kwa uungwana. Sasa nije na wangu.

Farasi wa Iceland alivuka bahari na mabaharia wa Skandinavia kati ya karne ya 9 na ya 10. Inasemwa bunge lao, Althing, lilipiga marufuku kuingiza farasi wengine mwaka 982, na mpaka sasa sheria ni kali: farasi akitoka kisiwani harudi tena, hata awe bingwa wa dunia. Miaka elfu moja ya kujitegemea. Mlima Laki ulipolipuka 1783, farasi wengi walikufa kwa sumu na njaa, na waliobaki ndio walioendeleza ukoo.

Sifa yake kuu ni mwendo. Zaidi ya hatua za kawaida, matiti (mwendo wa kukimbia polepole) na shoti, ana mwendo unaoitwa tölt: miguu inapishana mmoja mmoja na daima kuna kwato iliyo chini, kwa hiyo mgongo haurukiruki. Wenyewe hushindana kwa kushika glasi iliyojaa pomoni, anayemwaga kidogo ndiye mshindi. Chanzo cha uwezo huo kilipatikana 2012 kwenye jeni ya DMRT3. Mwenye maumivu ya kiuno akipanda tölt mara moja hataki tena farasi wa matiti.

Kimo ni sentimita 132 hadi 142 hivi. Usimwite poni, yaani farasi mdogo, mbele ya wenyewe.

Nasaba_Safi

Sasa Mzee Hatamu, mbona hapo hupigi hesabu? Kilo 350 mara asilimia 20 ni 70. Mwarabu umemkataa kwa 80!

Mzee_Hatamu

Nimekaa kimya nikisubiri useme wewe. Hesabu ni ileile.

Kwato_Ngumu

Kanuni ya 20 ni ya kuanzia tu. Farasi wa Iceland ana mgongo mfupi, kiuno kipana na mifupa minene ya miguu kwa kimo chake, na watu wazima wamempanda karne zote hizo. Ila sitabisha sana: kwa kilo 90, pamoja na tandiko, kutwa nzima mlimani, nisingempa huyo mzigo kila wiki. Mwenye kilo 65 angepata farasi wa maisha.

Chotara_Mimi

Kwa hesabu hizo mchukueni Shire, lile jitu la Kiingereza, basi yaishe. Sampson, aliyezaliwa Uingereza 1846, alifika sentimita 219 mabegani. Atambeba Mpanda na mkewe na friji.

Mzee_Hatamu

😂 Na atakula ghala zima. Shire, Percheron, Clydesdale, wote waliumbwa kuvuta. Kuvuta kunataka uzito na bega lililosimama. Kubeba mtu mlimani kunataka bega lililolala ili hatua iwe ndefu. Mwili mkubwa pia unachelewa kupoa.

Binti_Tandiko

Samahani nachepuka kidogo. Mbona hakuna aliyemtaja Akhal-Teke wa Turkmenistan? Mwaka 1935 wapanda farasi walitoka Ashgabat hadi Moscow, zaidi ya kilomita 4,000 kwa siku 84, na sehemu ya njia ilikuwa jangwa la Karakum, karibu bila maji. Miaka 25 baadaye, dume mweusi wa mbegu hiyo, Absent, alichukua dhahabu ya Olimpiki Roma akiwa na Sergei Filatov, na huo ni mchezo wa ustadi na utii. Mbegu moja, jangwa na uwanja wa kucheza! Na manyoya yale yanayong'aa kama yamepakwa shaba... najua, urembo umekatazwa.

Mwingine ni poni wa Basotho kule Lesotho. Asili yake ni farasi walioletwa Rasi ya Tumaini Jema, wakapanda milimani na Wasotho katika karne ya 19. Baridi, miamba, chakula kidogo, wakapungua kimo na kwato zikawa ngumu. Uwezo wake ulimponza: maelfu walichukuliwa kwenye vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, na mbegu ikadhoofika.

Mpanda_Polepole

Dada Binti, Akhal-Teke nimewaona kwenye picha tu, kumpata mmoja wa kuuziwa ni kazi nyingine. Nashukuru lakini. Swali langu la maradhi bado halijajibiwa, kila mtu kalikwepa.

Tabibu_wa_Zizi

Nijibu mimi, nisiye na mbegu ya kuuza.

Mwarabu: kuna ugonjwa wa kukosa kinga, SCID. Mtoto anazaliwa mzima kwa macho, kinga ya maziwa ya mama ikiisha anashambuliwa na kila kitu, na kwa kawaida hafiki miezi sita. Lazima arithi kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo mzazi mbebaji anaonekana mzima kabisa. Kipimo cha damu au nywele kinamwonyesha. Wewe unanunua farasi mzima wa kupanda, hivyo hili lina uzito tu ukitaka kuzalisha.

Quarter Horse ndiye wa kuangaliwa zaidi, Mzee Hatamu asikasirike. Miaka ya 1970 kulikuwa na bingwa wa maonyesho, Impressive, mwenye misuli ya kupendeza kweli. Kila mtu alitaka watoto wake. Ikaja kugundulika kwamba baadhi wanarithi HYPP, kasoro inayovuruga potasiamu kwenye misuli: farasi anatetemeka, anapooza, wengine wanaanguka. Hapa urithi wa mzazi mmoja tu unatosha kumfanya augue. Kuna pia PSSM, misuli inahifadhi sukari isivyotakiwa, na baada ya kazi farasi anakakamaa, anatoka jasho, hataki kusogea. Kwa farasi wa safari hilo ni balaa. Omba majibu ya vipimo vyote viwili kabla ya kuuliza bei.

Farasi wa Iceland akihamishwa kwenda nchi zenye visubi hupata mzio, anajikuna shingo na mkia hadi vidonda. Waliozaliwa hukohuko ugenini wana nafuu: wanaosumbuka zaidi ni wale waliokuja wakubwa.

Yote haya yametokana na jambo lilelile linalowafanya mjisifu: daftari lililofungwa, na dume mmoja maarufu kupandishwa kwa majike mengi mno. Wajerumani na Hanoverian wao, farasi wa michezo, wamefanya tofauti. Wanapokea damu ya nje, Thoroughbred au Mwarabu, lakini mnyama anakaguliwa na kupimwa kwanza.

Nasaba_Safi

Tabibu, daftari likiwa wazi mbegu inabaki kuwa mbegu kwa maana gani?

Tabibu_wa_Zizi

Kwa maana ya kazi. Na ukirudi nyuma wote ni ndugu: utafiti wa vinasaba wa 2021 ulionyesha farasi wote wa kufugwa wa leo wametokana na nyika za kati ya mito Volga na Don, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mwarabu wako yumo. Aliyebaki nje ni yule wa Przewalski wa Mongolia, ambaye hata kromosomu zake ni 66 na si 64.

Mpanda_Polepole

Sasa nipo na jambo la kweli. Nimeonyeshwa farasi aliyehasiwa, umri miaka tisa, baba Mwarabu, mama Quarter Horse, kilo 480 kwa mizani. Majibu ya HYPP na PSSM yapo, hana. Nikienda kumwona niangalie nini?

Mzee_Hatamu

Mwambie muuzaji asimtoe zizini mpaka ufike. Mshike mwenyewe, mfunge tandiko mwenyewe. Kisha mtoe peke yake, mbali na wenzake, mpaka asiwasikie. Hapo ndipo utajua amechukua kichwa cha baba au cha mama.

Tabibu_wa_Zizi

Na beba saa. Kabla hujapanda, weka kipimo cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, uhesabu mapigo. Akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Mpandishe kilima kwa matiti mpaka atoke jasho, shuka, mtembeze, pima tena. Kwenye mashindano ya masafa marefu lazima yashuke hadi 64 ndani ya muda uliowekwa, la sivyo anaondolewa. Yanayoshuka upesi ndiyo unayoyatafuta. Bonyeza ufizi kwa kidole: pakigeuka peupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Finya ngozi ya bega, ilale mara moja. Mwisho mtu amkimbize kwa kamba legevu kwenye ardhi ngumu, wewe usimtazame miguu, tazama kichwa. Kikiruka kila mguu mmoja wa mbele ukigusa chini, mguu huo unauma.

Kwato_Ngumu

Akikupa tölt kwa bahati, nijulishe.