Lushoto: kila njia ina kamba na mtoza hela, kibao cha kumwelekeza mgeni hakuna!

Wanajamvi salaam.

Nina hasira na sitaificha. Mimi ni Msambaa wa Lushoto, kazi yangu iko Dar, na kwa muda mrefu nimekuwa mpiga debe wa milima yetu ya Usambara, mkoani Tanga, bila kulipwa na mtu. Nikisikia mtu kazini anapanga likizo, namwambia apande Lushoto. Namweleza ule mwendo wa kilomita 33 kutoka Mombo, kona juu ya kona, unapita Soni, na ukifika mjini unatafuta sweta wakati ndugu zako wa Dar wanalala na feni. Safari hii wenzangu wawili wa ofisini, wote watu wa Mwanza, wakakubali kuja. Tukaungana na shemeji yangu na wanawe. Nimeaibika mbele yao, na aibu hiyo haikuletwa na mvua wala maporomoko ya udongo.

Tulitoka asubuhi kwa miguu kwenda kwenye mojawapo ya zile kingo za kutazama bonde. Sitataja ipi, kwa sababu tatizo si la sehemu moja. Kabla hatujafika, tukakuta kamba imefungwa mti kwa mti, imekatiza njia. Pembeni kijana amekaa juu ya jiwe, mkononi ana daftari la shule.

"Elfu kumi kila mtu."

Ya nani? "Ya kijiji." Risiti? Akachana kona ya ukurasa wa daftari, akaandika kwa kalamu ya bluu: "wageni 6, 60,000". Tarehe hakuna, jina la kijiji hakuna, muhuri hakuna, sahihi hakuna. Nikaanza kuzungumza naye Kisambaa, nikamuuliza ni wa ukoo gani. Papo hapo bei ikawa elfu tano kwa mtu, na watoto wapite bure.

Naomba mtu anieleze: ni ada gani halali ya kijiji inayoshuka nusu kwa sababu umeongea kilugha? Kama ningekuwa chooni wakati ule, wale wenzangu wa Mwanza wangelipa elfu kumi kumi ndani ya nchi yao. Na Mzungu aliyepita kabla yetu, ambaye hana hata Kiswahili, alilipa ngapi? Hiyo hela iliandikwa wapi?

Tukalipa tukapita. Hatujatembea sana, kijana mwingine anadai "hela ya ulinzi". Ulinzi wa nini? Ukingoni hakuna uzio, hakuna utepe, hakuna hata mtu wa kumwambia mtoto asisogee, na chini ni mamia ya mita mpaka tambarare ya Mazinde. Shemeji yangu alitumia muda wote kushika watoto mashati, bonde lenyewe hakuliona.

Wakati wa kushuka ndiyo nilipandwa na hasira kabisa. Njia iligawanyika mara tatu. Kibao hakuna. Mshale wa rangi kwenye jiwe hakuna. Tukafuata ile iliyoonekana imekanyagwa zaidi, tukajikuta katikati ya shamba la njegere la mama mmoja, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo kila Msambaa anajua jasho lake. Mama akatoka nyumbani anafoka, na alikuwa na haki ya kufoka. Tukamwomba radhi. Akatuonyesha jinsi ukingo wa tuta ulivyobomolewa na viatu vya watu wanaopotea pale kila wiki. Nikamuuliza kama hela ya pale juu huwa inamfikia kwa namna yoyote. Akasema hajawahi kuona shilingi, wala hajasikia ikisomwa kwenye mkutano. Halafu yeye huyo huyo aliyeharibiwa shamba ndiye aliyetusindikiza mpaka barabarani.

Sasa kabla hamjaanza kuniambia "vijana wanatafuta riziki", nisikilizeni. Mimi sipingi kulipia. Kijiji kina haki ya kutoza. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa wilayani. Na mapato na matumizi yanatakiwa yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Basi kama kuna sheria ndogo, ibandikwe pale kwenye kamba: Mtanzania sh. kadhaa, mgeni wa nje sh. kadhaa, mtoto bure, imeidhinishwa tarehe fulani. Kama haipo, ile kamba ni unyang'anyi wa mchana, na kila anayeipita kimya akiwa na cheo chake anaubariki.

Vivyo hivyo kwa waongoza watalii. Kesho yake tuliingia msitu wa Magamba na kijana aliyesomea kazi yake, ana kitambulisho na leseni. Alituonyesha mti wa mkulo mkubwa ajabu na akaeleza kwa nini mikulo minene imebaki michache, jinsi ilivyopasuliwa mbao miaka na miaka. Akawanyamazisha watoto mpaka mbega wakashuka matawi ya chini. Akamwona kinyonga mwenye pembe kwenye kichaka ambacho sisi sote tulikipita bila kuona kitu. Akatufikisha kwenye lile handaki la Wajerumani, akasimulia habari za mji wetu ulipoitwa Wilhelmstal, jina la mfalme wao. Tulimlipa bei aliyosema, tukaongeza juu yake, na hakuna aliyenung'unika. Hiyo ni kazi. Sheria ya Utalii ya 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni kwa sababu ya watu kama yeye. Halafu anashindana stendi na kundi linalomvamia mgeni kabla hajashusha begi, kila mmoja "ofisi yangu ile pale", na wengine hawajui hata njia ya kwenda Mkuzu. Anayeumia ni yule aliyesoma.

Na nina shaka moja ambayo sitaifunika. Kukosekana kwa vibao si bahati mbaya. Njia ikiwa na mshale, mgeni anaweza kutembea mwenyewe mpaka kwenye ukingo wa Irente wa kutazama bonde, kilomita kama tano au sita tu kutoka mjini, bila kumtegemea mtu. Wapo wanaofaidika na mgeni kupotea. Kibao cha mbao kinagharimu nini katika wilaya yenye mafundi seremala kila kona?

Takataka nitagusia kidogo tu maana nikianza sitamaliza: chupa za maji zimejaa kwenye magenge ya mawe, hakuna pipa, na hela tumelipa mara mbili.

Milima hii dunia inaijua. Yale maua ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, wataalamu waliyaeleza mwaka 1893 kutokana na mimea iliyotoka huku kwetu Tanga, na mpaka leo yanaitwa ua la Usambara. Kuna ndege wadogo hawaishi popote pengine isipokuwa Usambara ya Magharibi. Watu wanasafiri mabara kuja kuwatafuta, halafu kitu cha kwanza wanachokutana nacho ni kamba na daftari la shule.

Ninachotaka kutoka kwa wenye dhamana wa wilaya na vijiji ni hiki. Ada moja kwa njia moja, ilipwe kwa kontroo namba kama malipo mengine ya serikali, mgeni apate risiti kwenye simu. Vibao kila njia panda. Uzio kwenye kingo. Na sehemu ya hela irudi kwa wenye mashamba ambayo njia zinapita, kuanzia na yule mama.

Kile kipande cha karatasi ninacho na nimekipiga picha. Kiongozi yeyote anayehusika akinitafuta kwa ujumbe binafsi nitamtumia pamoja na mahali na saa. Nanyi mliopita Mtae, Mlalo, Soni au Mkuzu mwaka huu, andikeni hapa mlitozwa shilingi ngapi, na nani, na kama mlipewa risiti ya aina yoyote. Nataka tuzikusanye zote sehemu moja nizipeleke wilayani kwa mkono wangu.