Barua yenye mhuri wa SIRI ikishasambaa WhatsApp, je, bado ni siri?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mtumishi wa umma niliyeajiriwa hivi karibuni hapa Tanzania, na nilipoanza kazi nilisaini kiapo cha kutunza siri kama ilivyo desturi, ingawa nakiri kwamba nilikisoma kwa haraka ya mtu anayesubiri kuonyeshwa meza yake. Juma lililopita, katika kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja chuoni, mmoja wetu aliweka picha ya barua ya taasisi ya serikali, si taasisi yetu, yenye mhuri wa SIRI juu na chini. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshaiona katika makundi mengine mawili. Wenzangu wanadai kwamba kitu kilichosomwa na watu wengi kiasi hicho hakiwezi kuitwa siri tena, na kwamba mwenye kosa ni aliyeitoa ofisini peke yake. Je, nikimtumia mtu mmoja tu, tena asiye mtumishi wa umma, nitakuwa nimetenda kosa?

Wakili wa mkoani

Ndugu muulizaji, ndiyo, unaweza kushtakiwa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo sasa ni Sura ya 47, inamtia hatiani mtu yeyote anayempa habari iliyowekwa katika daraja la siri mtu asiyeruhusiwa kuipokea, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 20. Zingatia kwamba imesemwa mtu yeyote: hakutajwa mtumishi wa umma peke yake, wala hakutajwa yule wa kwanza tu. Linalowashtua wengi ni kwamba sheria hiyo inamnyima mshtakiwa hata utetezi wa kusema hakujua kuwa ile ni siri. Kwako utetezi huo usingekufaa kwa vyovyote, maana mhuri umeuona na umetuandikia hapa kwamba umeuona.

Kuhusu kusambaa, daraja la siri huondolewa na mamlaka yenye uwezo wa kuliondoa. Haliondolewi na wingi wa waliokwisha kusoma. Hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, pamoja na jina lake zuri, imeweka kifungo cha miaka 3 hadi 5 kwa anayetoa taarifa iliyozuiliwa. Na hapo bado sijagusa ajira yako.

Mstaafu wa masijala

Mwanangu, nimetumikia masijala ya siri, yaani ofisi ya kutunza barua na majalada ya siri, kwa miaka mingi. Barua ya siri tuliifunga kwa bahasha mbili: ya ndani ilikuwa na mhuri na cheo cha mlengwa, ya nje haikuwa na alama yoyote zaidi ya anwani, ili mbebaji na yeyote atakayeiona njiani asishawishike kuichungulia. Kila nakala ilikuwa na namba yake, na aliyeipokea alisaini kitabu. Jalada la siri halikulala juu ya meza ya ofisa. Saa tisa na nusu lilirudi kabatini, na ambaye hajamaliza dokezo lake, yaani maoni anayoandika jaladani, alilimalizia kesho. Wengine walituona wagumu wa roho, hasa wakubwa, kwa sababu tulichouliza hakikuwa cheo cha mtu bali kama kazi yake inahitaji jalada lile. Mkurugenzi asiyehusika hakupewa, na karani anayehusika alipewa. Siku hizi barua hiyohiyo huchapishwa kwenye printa ya ukumbini inayotumiwa na ofisi nzima, kisha tunashangaa imefikaje mtandaoni.

Niliyoyaona mimi ni kwamba wavujishaji wengi si wasaliti wala hawajalipwa na mtu. Ni watu wanaotaka waonekane wanajua. Mtazameni Jack Teixeira, askari wa akiba wa jeshi la anga huko Massachusetts, Marekani, aliyekamatwa Aprili 2023 akiwa na miaka 21. Alikuwa akiweka nyaraka za siri za kijeshi, zikiwamo zilizohusu vita vya Ukraine, katika kundi la marafiki kwenye mtandao wa Discord. Kundi lilikuwa dogo, lakini nyaraka zikatoka humo zikazunguka dunia, naye Novemba 2024 akahukumiwa miaka 15.

Mwanahabari, Nairobi

Wakili na mzee wetu wamesema kweli, ila naomba tusiugeuze mhuri kuwa kitu kitakatifu. Nimewahi kuona barua ya mpangilio wa viti vya semina ikiwa imeandikwa SIRI, na nimeona pia mhuri huo ukifunika manunuzi ambayo mwananchi alikuwa na haki ya kuyahoji. Sisi Kenya hatuna sheria laini, kwa kuwa Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187, inafika kifungo cha miaka 14. Lakini Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu mahakama kupima kama manufaa ya umma yanazidi madhara ya kutoa habari, na inamkinga na adhabu ya kazini mtu anayefichua jambo lenye manufaa kwa umma.

Wakili wa mkoani

Nakubaliana nawe kuhusu mihuri ya ovyo. Huku kwetu ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini kinga yake ni ya anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, na kundi la wahitimu si mamlaka husika.

Muulizaji

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee. Sijaituma kokote. Tatizo ni kwamba simu yangu huhifadhi picha zenyewe, hivyo imo ndani yake bila mimi kutaka. Niifute kimyakimya, au nimtumie mkuu wangu wa idara aione kwanza? Kwa kifupi, barua yenyewe inahusu...

Mstaafu wa masijala

Marahaba, na ishia hapohapo, usitueleze inahusu nini. Wala usimtumie mkuu wako, hata yeye. Kesho asubuhi nenda ofisini kwake na simu mkononi, umwonyeshe, umweleze ilivyokufikia, na uifute baada ya yeye kukuelekeza.