Goti linaniuma tangu nianze kukimbia, niache au nikomae? Naombeni ushauri

Kigimbi Kichanga (mleta uzi)

Wakuu habarini za mchana, naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga.

Mimi ni mwanaume, miaka 38, kilo 92, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Sio mtu wa mazoezi kabisa, mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mchakamchaka shule ya msingi na hata ule nilikuwa nakimbia kwa sababu mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo. Sasa mwezi wa tisa ile tumeamka tu kila grupu la WhatsApp ni Simbu, Simbu, kachukua dhahabu ya marathoni Tokyo, yeye na yule Mjerumani wote 2:09:48 mpaka ikabidi waangalie picha, na mimi damu ikachemka nikasema kumbe inawezekana (msinicheke).

Jumamosi yake nikaenda Karume nikapata raba ya mtumba elfu 25, kwa juu safi tu. Nikaanza na kilomita 3 huku mtaani Tabata, wiki mbili hivi, raha tupu. Jirani akaniunga kwenye jogging yao ya Jumapili, wale mnaowasikia alfajiri wanapita wanaimba, tisheti moja, kinamama wako mbele wanaitikia. Hapo ndipo mambo yalipoanza maana ule mwendo ni kilomita 10, mara 12, na ukiwa katikati ya kundi lile huwezi kujitoa, bi mkubwa wa miaka 60 anakupita huku anaimba halafu wewe ukae pembeni? Nikakomaa.

Wiki ya tano goti la kulia likaanza. Maumivu yako mbele, kuzunguka pia ya goti, sio sehemu moja ya kusema nabonyeza hapa. Kupanda ngazi afadhali, kushuka ndio balaa, ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti mbovu tangu mwezi wa sita kwa hiyo saa kumi na moja nashuka kiubavuubavu kama kaa, nimeshika chuma. Nikikaa daladala siti ya nyuma, magoti yamekunjwa, foleni ya saa nzima, nikisimama linalia kach kach. Halijavimba.

Nilienda zahanati moja nikapigwa eksirei, mfupa hauna kitu, nikachomwa sindano nikapewa diklofenaki na kuambiwa ni umri, acha kukimbia. Mama mkwe yeye anasema ute wa magoti umeisha. Shida ni kwamba nimeshalipia kilomita 21 za Kili Marathon kule Moshi mwezi wa pili na nimeshatamba ofisi nzima.

Kobe Mzee

Acha mkuu. Magoti hayana spea. Tembea tu jioni na mkeo, utapungua vizuri kabisa.

Bint Mkwaju

Mama mkwe wako anajua. Bamia, chemsha usiku kunywa yale maji asubuhi kabla ya kula, na supu ya makongoro mara tatu kwa wiki. Shangazi yangu alikuwa hawezi hata kukaa mkekani, sasa hivi anaswali vizuri tu.

Mzigo Mwepesi

kilo 92 alafu 12 km, hata fuso wanalipima kwenye mzani kwanza 😂😂

Fundi Nyonga

Mzigo Mwepesi acha utani, mwenzio anaumwa.

Mkuu mleta uzi, nafanya kazi kitengo cha fiziotherapia (sisemi wapi) na hadithi yako naisikia kila Jumatatu, nabadilisha jina la mtaa tu. Siwezi kukupima kupitia simu, ila maumivu ya mbele kuzunguka pia ya goti, yanayozidi kwenye kushuka ngazi na kukaa muda mrefu goti likiwa limekunjwa, mara nyingi ni ile pia yenyewe inalalamika kwamba imebebeshwa kuliko ilivyozoea. Sio kwamba kuna kitu kimekatika wala kusagika. Ndio maana eksirei haikuona kitu, na kwa goti kama lako ambalo halikuanguka wala kuvimba hata hiyo pesa ya eksirei ungenunulia raba.

Angalia mwenyewe ulichofanya: kutoka kilomita 3 mpaka 12 ndani ya mwezi. Mapafu yanazoea haraka, wiki mbili tatu unajiona simba, lakini kano na magoti yanataka miezi. Hapo katikati ndipo watu wote wanapoumia.

Fanya hivi leo jioni. Simama mbele ya kioo kwenye ngazi au tofali, mguu mmoja, ujishushe taratibu mpaka kisigino cha mguu mwingine kiguse chini. Angalia goti linaelekea wapi. Likiingia ndani kuelekea goti lenzake ujue nyonga na makalio yamelala, na hiyo ni kawaida kwa mtu wa kiti. Uje hapa useme.

Kuhusu ute: ute upo, unatengenezwa na ngozi ya ndani ya kiungo chenyewe, na utelezi wa bamia unaishia tumboni unasagwa kama chakula kingine. Bamia kula, ni mboga nzuri, ila kwa ugali. Na ile gegedu ya kwenye goti (kile kifuniko laini cha ncha za mifupa) haina mishipa ya damu, inakula kwa kubonyezwa na kuachiwa kama sponji, kwa hiyo ukiliweka goti kabatini miezi sita hujalisaidia.

Diklofenaki usimeze ili ukimbie. Inaficha maumivu ambayo ndiyo breki yako, na ukiongeza joto la Dar na maji kidogo mwilini unaenda kuchokoza tumbo na figo bure.

Dalili za kukurudisha hospitali haraka: goti kuvimba, kujifunga lisikunjuke, kuachia ghafla unataka kudondoka, kuwa la moto na homa, au kuuma usiku hata umelala hujaligusa.

Kobe Mzee

Sawa daktari, mbona wacheza mpira wetu wa zamani wote wanachechemea? Si kukimbia huko?

Fundi Nyonga

Mzee wangu wale wengi waliumizwa. Kano ya goti imekatika Jumamosi, Jumatano kafungwa bendeji kaingizwa uwanjani. Goti lililoumizwa na goti lililokimbia ni vitu viwili. Watu wanaokimbia kwa kujifurahisha hawana magoti mabovu kuliko sisi wa kwenye makochi, hilo limeangaliwa sana.

MamaTwins Mbezi

Kwangu mimi lilikuwa linauma pembeni, upande wa nje, na lilikuwa na adabu kama kengele ya shule: kilomita ya 4 ikifika tu linachoma kama msumari, nikitembea linatulia, nikianza tena linachoma. Nilihangaika kweli. Kumbe kila siku nakimbia ukingo ule ule wa lami, kulia, ili nione magari yanayokuja (hilo ni sahihi msije mkagongwa), sasa lami yetu imebinuka ili maji yatiririke mtaroni, kwa hiyo mguu wa kulia unakuwa bondeni wa kushoto mlimani siku zote. Nikahamia uwanja wa shule, nazunguka, nabadilisha upande kila baada ya raundi tano, plus mazoezi ya nyonga. Miezi miwili. Na mtu asikudanganye uende Coco ukakimbie mchangani ule wa pembeni ya maji, umebinuka kuliko hata lami.

Tuwekee na picha ya soli ya hizo raba.

Kigimbi Kichanga

Nimerudi wakuu. Nimefanya ya kwenye tofali. Kushoto afadhali, kulia goti linaingia ndani lenyewe kama linaitwa, wife kachukua video akacheka mpaka akakaa chini.

Raba nimegeuza. Kisigino upande wa nje kimelika kimelala kabisa, na nikibonyeza katikati na kidole gumba ni pagumu kama ubao. Aliyekuwa nayo huko Ulaya alishamaliza kilomita zake zote, mimi nimenunua jina.

Kipara wa Asubuhi

hizo fanyia kazi ya kuoshea gari. Tafuta nyingine, sio lazima dukani, mtumba pia zipo nzima ila bonyeza soli kabla hujaangalia rangi.

Kingine hesabu hatua. Kimbia kawaida yako, dakika moja, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi zidisha mara mbili. Watu wengi wapya wanarusha mguu mbele mbali, kisigino kinatua goti limenyooka, ule mshindo wote unaenda kule kule. Fupisha hatua, ziongeze kidogo, spidi ibaki ile ile.

Kigimbi Kichanga

Nimepata 74, kwa hiyo 148.

Fundi Nyonga

Lenga 156 mpaka 160, usiruke ukaenda 180 eti ndio namba ya mabingwa. Asilimia 5 hadi 10 inatosha kupunguza mzigo kwenye goti.

Sasa ratiba. Usiache, punguza. Kimbia dakika 2 tembea 1, jumla dakika 25, mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Maumivu yape alama sifuri mpaka kumi: mpaka 3 endelea, ikizidi 3 tembea urudi nyumbani, na kesho yake asubuhi lisiwe baya kuliko jana. Siku tatu kwa wiki fanya ile ya tofali kwa kushuka taratibu, kulala chali ukiinua kiuno, kulala ubavu ukifungua goti la juu kama mlango, na kukaa ukutani bila kiti sekunde 30. Kumi na mbili mara tatu, ile ya ukutani mara tatu pia. Yanachosha na hayana shangwe ndio maana watu hawayafanyi. Wiki sita mpaka 12 ndipo uje uniulize.

Na 21 ya Moshi sahau mwaka huu. Ile njia unapanda kwenda Mweka halafu unageuka unashuka, na kushuka ndiko kunakokuua. Kuna ile ya 5 km, watu wanacheka wanapiga picha, nenda hiyo.

Chemususu

Niaje wasee wa TZ, niko huku Iten, Kenya. Hawa mabingwa mnaona kwa TV, siku za kupumzika wanakimbia polepole hadi mama wa maziwa anaweza kuwapita, na ni kwa barabara ya vumbi si lami. Wageni wanakuja hapa wanakimbia kila siku kama ni mashindano, wiki ya pili wako kitandani. Poleni.

Bint Mkwaju

bamia bado nasema

Kigimbi Kichanga

MREJESHO wiki ya tano. Tofali nafanya nikisubiri maji ya kuoga yachemke. Raba mpya (ya mtumba, nimezibonyeza kama parachichi). Kwenye jogging nimeongea na kiongozi, naanza nao nakimbia mpaka kituo cha mafuta halafu narudi natembea, wiki ya kwanza niliona aibu, wiki ya tatu wameniunga watu wanne na wao walikuwa wanaumwa kimya kimya. Ngazi za ofisi nashuka uso mbele kama binadamu. Daladala bado linakaza ila ile kach kach haiumi, ni kelele tu. Moshi naenda, ya 5.

Ila tangu juzi kigimbi cha kushoto kimekaza kama jiwe, nikiamka asubuhi kukanyaga ni shida. Hii nayo ni nini tena?

Fundi Nyonga

Wiki hii umeongeza nini?

Kigimbi Kichanga

Kamba mkuu. Nimeanza kuruka kamba. 300 kwa siku.