Kwangu inakubali, kwa wenzangu inagoma: mashine pepe tuitengeneze vipi?

MwaloKirumba
Wakuu habari za majukumu. Tuko watatu tunatengeneza kasistimu ka kurekodi magunia ya dagaa yanayoingia mwaloni, nani kaleta, kilo ngapi, kalipwa au bado, ni PHP (lugha ya kuandikia kodi) na MySQL (databesi) tu hamna maajabu. Mimi niko Mabatini natumia Windows, mwingine yuko Nyegezi ana Ubuntu, wa tatu yuko Nansio kule Ukerewe na laptopu yake ya RAM 4. Juzi nimeandika kitu kwa `match` (neno la PHP la kuchagua kati ya majibu kadhaa), wa Nansio kufungua tu kikamtolea kosa la sintaksi, kumbe ana PHP 7.4. Jana tena wa Nyegezi analia eti jedwali halipo, na mimi jedwali naliona kwa macho yangu hapa! Nimesikia inawezekana wote tukawa na mashine pepe moja inayofanana, yaani kompyuta ya kuigiza inayowaka ndani ya laptopu, nikawaza niiandae kwangu kwenye VirtualBox, programu ya kuendesha mashine hizo, halafu niikopi nzima niwagawie. Ni sawa? Bando tunabana jamani. Nawasilisha.

JiweJuuYaJiwe
Mkuu hilo la jedwali nakwambia hata kodi sijaiona, jina umeliandika `Mizigo` sehemu moja na `mizigo` sehemu nyingine. MySQL ya Windows haijali, ya Linux inajali. Na seva mtakayokodi karibu hakika ni Linux, kwa hiyo mnunulieni soda huyo wa Nyegezi, kawaonyesha mapema kabla wenye dagaa hawajaona.

La `match` nalo ni toleo tu, ilianza PHP 8.0.

Kukopi mashine nzima siungi mkono. Leo mtafanana, wiki ijayo kila mtu kashaongeza la kwake humo ndani na hakuna anayekumbuka kaweka nini. Weka Vagrant juu ya hiyo hiyo VirtualBox, ni programu inayojenga mashine pepe kwa kufuata maelekezo uliyoandika. Unaandika faili linaitwa Vagrantfile, linakaa kwenye Git (mnapotunzia na kugawiana kodi) pamoja na kodi:

```
Vagrant.configure("2") do |config|
  config.vm.box = "bento/ubuntu-22.04"
  config.vm.network "forwarded_port", guest: 80, host: 8080
  config.vm.provider "virtualbox" do |vb|
    vb.memory = 1024
  end
  config.vm.provision "shell", path: "andaa.sh"
end
```

Kwenye skripti ya `andaa.sh` ndo unaandika apt-get zako (amri za kusakinisha programu) za Apache ambayo ndo seva ya wavuti, PHP, MySQL. Ubuntu 22.04 inakuja na PHP 8.1 kwa hiyo ugomvi wa matoleo umeisha. Mwenzako anavuta ripo (folda ya mradi toka Git), anapiga `vagrant up`, anasubiri, anafungua localhost:8080. Folda ya mradi inaonekana ndani kama `/vagrant`, kuandika unaandika kwenye edita yako ya kila siku.

MamaKompyutaBwiru
Naongezea. Huyo wa RAM 4 asiogope, GB 1 inatosha maana humo ndani hamna madirisha, ni skrini nyeusi ya kuandika amri tu, ila afunge Chrome yake yenye tabo arobaini. Mashine pepe ikigoma kuwaka aingie BIOS (mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka) awashe VT-x, uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe, kwenye laptopu nyingi inakuja imezimwa (kwa AMD inaitwa SVM).

Halafu kuna `vagrant destroy`. Ni nzuri sana, ndo njia ya uhakika ya kujua skripti yenu imekamilika, unaifuta mashine yote unaiinua upya toka sifuri, ikisimama bila wewe kugusa kitu basi imekaa. LAKINI databesi inaishi ndani ya hiyo diski. Mimi niliipiga saa sita usiku nikiwa na usingizi, data za majaribio za wiki mbili zikaenda, nikakaa naangalia skrini tu. Toa `mysqldump` (nakala ya databesi) kwanza uiweke `/vagrant`, hiyo iko kwenye laptopu yako haifutiki.

MwaloKirumba
Asante dada, asante mkuu. Nimefanya, kwangu skripti ndogo iliyo `/vagrant` ninayoiita toka `andaa.sh` inakataa, inasema `/bin/bash^M: bad interpreter`. Hiyo M imetoka wapi?

JiweJuuYaJiwe
Hahaa karibu Windows. Git ya kwako inabadilisha mwisho wa mistari kuwa wa Windows, Linux inauona kama hiyo ^M. Weka `.gitattributes` yenye mstari `*.sh text eol=lf`, hiyo skripti yenyewe isevu upya kwa LF (mwisho wa mstari wa Linux), halafu `vagrant provision` iendeshe maandalizi upya.

MwaloKirumba
Imekubali!! Na Nyegezi imekubali. Bado wa Nansio, boksi (faili la mashine ya kuanzia) peke yake ni mamia ya MB na vya apt juu yake, kasema bando lake la mwezi haliendi huko.

MamaKompyutaBwiru
Piga `vagrant package --output dagaa.box` kwako, weka kwenye flashi umtumie. Yeye anapiga `vagrant box add dagaa dagaa.box` na kwenye Vagrantfile yake anaandika box ni dagaa, vitu vya apt vimo tayari. Skripti ibaki Git vile vile, boksi ni la kuokoa bando tu. Kabla ya kupakia toa data za wateja humo!

MwaloKirumba
Nimetoa. Flashi nimempa jamaa wa meli ya Nansio leo, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chaja ya mtu.

KisiwaniNet
Wa Nansio ni mimi wakuu. Flashi imefika, localhost:8080 inafunguka. Chaja nayo nimepewa, mwenyewe ni nani?