Nishone sebuleni au nipange fremu ya biashara?

Fundi_mpya: Habari wakuu, nina miezi 4 tangu nianze kushona, cherehani iko sebuleni na vitambaa vya wateja vimejaa mpaka kitandani, juzi mtoto kamwagia chai gauni la mtu imebidi nilipe. Nataka fremu ila mwenye nayo anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, mtaji wote utaishia hapo. Nifanyeje?

Mzoefu: Pole sana. Usiguse hela ya mzigo ukalipe kodi, mimi nilifanya hivyo nikabaki na fremu nzuri ndani hamna hata uzi.

Dada_K: Tafuta fundi mwenzio mchangie kodi ya fremu. Na chukua advansi (malipo ya awali) nusu kwa mteja kabla hujakata kitambaa, hiyo ndo itakubeba.

Fundi_mpya: Advansi huwa naona aibu kuomba, ila kesho naanza.