Mjadala: Gesi ya mbolea shambani ipimwe, au tuendelee kuikokotoa mezani?

Mleta mada, Korogwe
Wadau, salaam. Nchi inapotoa hesabu ya gesi joto zake, mbolea imo, ila kwa kawaida haipimwi, inakokotolewa. Kanuni ya 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, inasema katika kila kilo 100 za naitrojeni unazotia shambani, kilo 1 ya naitrojeni hiyo hupotea hewani ndani ya gesi ya oksidi ya naitrasi, kazi ya vijidudu vya udongoni. Mfuko wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo inapotea gramu 230, na ukijumlisha uzito wa oksijeni iliyoungana nayo unapata gramu 360 hivi za gesi hiyo. Kidogo? Gesi hiyo inazidi hewa ukaa mara 273 kwa kupasha joto katika miaka 100. Mfuko mmoja ni kama kilo 99 za hewa ukaa.

Mwaka 2019 IPCC wakaigawa kanuni: mbolea ya kiwandani penye mvua nyingi asilimia 1.6, penye ukavu 0.5. Yaani mfuko uleule ukienda kule Amani kwenye mvua unahesabiwa zaidi ya mara tatu ya ukibaki Mombo kwenye ukavu! Mimi nasema tupime wenyewe. Watafiti wa kilimo wa TARI Mlingano wako hapo Muheza, na udongo ndiyo kazi yao.

Mkulima, Mombo
Kaka, mimi nakuzia mahindi kwa kizibo cha soda, kimoja kila shina. Wingu likifunga, vijana wanachota vya kumwagika ili wawahi kumaliza. Hao wapimaji watapima kizibo kipi?

Fundi wa maabara
Swali zuri kuliko mada yenyewe. Unazika fremu, unaifunika kisanduku, unavuta hewa kwa bomba la sindano papo hapo, kisha dakika ya 10, 20, 30, halafu unapeleka maabara. Tatizo, gesi haitoki sawasawa. Mbolea ikishatiwa na mvua ikapiga, inafumuka siku chache kisha inatulia. Sogea hatua mbili, jibu lingine. Ukija kiangazi utaandika karibu na sifuri na kurudi mjini umefurahi.

Mama Shamba, Lushoto
Azimio la Abuja la 2006, la nchi za Afrika kuhusu mbolea, lilitaka kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Ikapita, Tanzania hatujafika. Leo tupimwe moshi wa chakula ambacho hatujashiba? Mwisho wake ruzuku ya mbolea itakatwa, mtaniambia.

Mleta mada
Dada, hofu yako ina msingi, lakini inanipa nguvu mimi. Gesi hupanda kwa kasi pale naitrojeni inapozidi mahitaji ya mmea. Anayetia kidogo huenda anabebeshwa asilimia isiyo yake, na bila vipimo vya hapa hana cha kujitetea. Hata majaruba ya mpunga hesabu yake ni nyingine, maana penye maji yaliyotuama tatizo kubwa ni methani, gesi joto nyingine. Mashamba machache tu, msimu mzima, na kila mwenye shamba aandike alichotia.

Mkulima, Mombo
Kuandika nitaandika. Ila waje masika tukiwa tunakuzia, wasije mwezi wa nane na semina.