Naombeni ushauri: nimepewa kusoma kumbukumbu ya baba siku ya arobaini, kaka anataka vita tu

MtotoWaIgombe

Wakuu, habari za humu. Tulimzika mzee wetu mwezi uliopita, huku Igombe, Mwanza. Alikuwa askari mstaafu wa JWTZ na alipigana Vita vya Kagera. Siku ya mazishi ulisomwa ule wasifu tunaoujua wote: kuzaliwa, kuajiriwa, cheo, kustaafu, kuugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Nusu ukurasa, mtu kaisha.

Sasa arobaini inakaribia. Kutakuwa na misa nyumbani, na ukoo umeamua niandike kumbukumbu ndefu kidogo niisome mbele za watu. Kaka mkubwa kila siku ananipigia, anataka vita mwanzo mwisho: mzee aliingia Kampala, mzee alimtimua Amin. Shida ni kwamba mzee mwenyewe vita alikuwa haisimulii. Ukimuuliza anakujibu "tulikwenda, tukarudi", halafu anakuuliza kama umefunga vizuri mtumbwi.

Baba ninayemjua mimi ni wa ziwani. Alikuwa na mtumbwi mdogo wa kasia, injini hakuitaka hata alipopewa bure. Kwenye mpini wa kasia alichonga alama ya sentimita 50. Sangara akitoka kwenye ndoana analazwa pale apimwe, asipofika alama anarudishwa majini, hata kama ndiye samaki pekee wa siku hiyo na mama anasubiri mboga. Tukinung'unika anasema, "Amri ni amri." Basi, tunarudi nyumbani kula mchicha.

Niandike la kaka au la kwangu? Halafu naogopa nitalia katikati.

Mkerewe Halisi

Pole sana mkuu, poleni familia nzima. Kulia lia tu, ni baba yako huyo. Toa nakala mbili, mpwa wako mmoja mwenye sauti akae jirani. Ukikwama anapokea hapo hapo.

Afande Mstaafu

Pole kijana wangu. Mimi nami nilivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, kwa hiyo nisikilize.

Mwambie kaka yako apunguze kasi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini si kila aliyepigana vita ile alikuwepo Kampala siku hiyo. Kuna waliopitia Masaka, kuna waliopelekwa upande wa Mbarara, kuna walioachwa nyuma kulinda tulikotoka, na kuna walioendelea kaskazini mpaka vita ikaisha Juni. Na hatukuwa wanajeshi peke yetu, mgambo walikuwa wengi mno. Kama hujui mzee alikuwa brigedi gani, usiandike kwamba alipigana Lukaya wala Entebbe. Hiyo siku wazee wenzake watakuja. Ukisema uongo watanyamaza kwa adabu, lakini watajua, na wakirudi nyumbani watasema.

Fungua sanduku lake. Angalia karatasi za kustaafia, angalia picha kwa nyuma, zamani tulikuwa tunaandika mahali na tarehe. Kisha mtafute mmoja aliyekuwa naye kikosini, mpelekee sukari na majani ya chai, kaa naye. Usimuulize habari za kuua. Muulize walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anawachekesha. Hapo ndipo mdomo unafunguka.

BintiMwaloni

Afande shikamoo, nakuheshimu, ila hapo kwenye kwenda kuchimba kwa wenzake sikubaliani. Mzee aliamua mwenyewe kunyamaza miaka yote hiyo. Leo kafa, mtoto anazunguka kwa watu kukusanya aliyoyaficha ili ayasome kwenye spika? Sentensi moja inatosha: alipigana Vita vya Kagera, akarudi. Zilizobaki zote ziwe za ziwa. Hilo la kasia kwangu ndilo linamweleza mtu kuliko cheo chake.

Afande Mstaafu

Marahaba binti. Si kuficha. Wengine tulikosa wa kutuuliza vizuri.

Kijana wa Kirumba

Nyie andikeni vitabu, watu siku ya arobaini wanawaza pilau. Dakika kumi, zikizidi utaanza kusikia sahani.

MtotoWaIgombe

Nawashukuru sana. @Afande, sanduku nilifungua jana na mama. Karatasi zipo, brigedi nimeiona, na Kampala hakufika, kaka kachukia. Medali haikuwemo. Mama akacheka, akaenda kuitoa kwenye kopo la ndoana, imeviringishwa nailoni pamoja na risasi za kuzamishia nyavu. Yaani imekaa humo miaka yote tunalichukua lile kopo na kulirudisha.

Jambo jingine mama amenikumbusha. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mzee alikuwa haingii ziwani. Anaweka redio barazani anasikiliza matangazo, akisikia Kaboya, walikozikwa mashujaa wa vita ile, inatajwa anaongeza sauti. Sisi tulijua anapumzika tu.

BintiMwaloni

Haya, hapo nimerudi nyuma hatua moja. Kopo na redio viandike. Ila usiwaelezee watu maana yake, wasimulie tu ulivyosimulia hapa.

Mwl. Nyamagana

Pole mkuu. Muulize mama kama mzee alikuwa akizungumzia furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Wazee wa rika lake walirudi vitani wakakuta ziwa bado lina furu wa kila rangi, miaka ya themanini sangara wakaongezeka, furu wengi wakapotea. Baba yangu mimi aliwasikitikia furu kuliko alivyosikitikia bei ya mafuta. Kama wa kwako naye alikuwa nayo, ingiza. Wajukuu hawajui ziwa lilikuwaje.

MtotoWaIgombe

Alikuwa nayo sana mwalimu! Alikuwa anataja majina yao ya Kisukuma moja moja, mimi nayakumbuka mawili tu. Shangazi yuko Kayenze, kesho naenda kumwuliza.

Mkerewe Halisi

Nenda na kalamu. Na kaka mpe kazi asome yeye kile kipande cha jeshi, hasira zitaisha. Spika mmepata? Mimi niko Buswelu, ninazo mbili na jenereta dogo, mafuta mtaweka nyie.